Ukuta Usiokauka

Shida ya kusomesha mtoto mpaka akapata kazi Nairobi ni kwamba siku moja atarudi nyumbani, asimame mlangoni, aitazame sebule aliyokulia na aseme kwa huruma, "Mami, hii nyumba inataka kuamshwa."

Kavindu alisema hivyo hivyo. Babake, Mulei, ambaye alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, akafungua jicho moja. "Iache ilale. Imefanya kazi mingi."

Lakini wageni walikuwa njiani. Wazazi wa kijana aliyemchumbia Kavindu walikuwa wanatoka Makindu kupanda hadi huku Kilungu na mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba, na hakuna mama anayetaka wakwe wakaribishwe na ukuta wenye mafuta ya vichwa na kalenda ya mwaka juzi. Kwa hivyo Mbinya, mama ya Kavindu, alikubali. Ni ukuta mmoja tu, Kavindu alieleza, akizungusha simu kila mtu aone picha. Ule wa nyuma ya makochi. Upigwe rangi yake peke yake, ukwaruzwekwaruzwe, uvute macho.

"Mmoja?" Mulei aliuliza. "Na kuta zile zingine tatu zimekosea nani?"

"Baba, ndiyo staili."

"Na rangi ni gani?"

Ilikuwa rangi ya udongo mwekundu. Mulei alicheka mpaka akakohoa. Marehemu mamake alipaka jiko lake udongo mwekundu miaka yote bure, na leo fundi anakuja kuupaka kwa bei ya kitanda. Dadake Mulei, Kasiva, mwanamke ambaye akicheka huku kilimani mbwa wa ng'ambo wanaitika, alisema wampe soda tu, yeye ataupaka kwa miguu. Nyumba ikachangamka. Ilikuwa siku ya kawaida, aina ile ya siku ambayo mtu haikumbuki mpaka alazimike.

Fundi Ndeti alikuwa kijana wa kazi safi. Alichekecha mchanga, akauchanganya na saruji na rangi, akapiga ukuta kwa mwiko, kisha akaukwaruza kwa ufagio hadi ukafanana na mgongo wa mnyama aliyelala. Kesho yake ukuta wote ulikuwa umekauka.

Wote, isipokuwa doa moja.

Lilikuwa nyuma ya kochi refu, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, ukubwa wa sahani. Ndeti akasema ni unyevu tu, akalisogezea jiko la makaa. Likakauka. Alipomaliza chai, lilikuwa limerudi. Akauliza kama kuna bomba limepita hapo. Bomba litoke wapi? Nyumba hiyo ilikunywa maji ya tangi, kwa mtungi. Akapaka rangi mara ya pili. Doa likatokea juu ya rangi mpya, taratibu, kama kitu kinachojua njia.

Mchana huo Mbinya alikuwa peke yake, akifagia, alipoweka kiganja juu ya lile doa kama unavyogusa paji la mgonjwa. Palikuwa na joto. Si joto la jua, maana jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba. Lilikuwa joto la mwili. Kisha akahisi kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu Kavindu akiwa mchanga, kuchomachoma kwa ndani, kama visindano vinavyoshuka. Akatazama chini. Blauzi yake ilikuwa imelowa. Pande zote mbili.

Mbinya alikuwa na miaka hamsini na kitu. Mambo ya uzazi alikuwa ameagana nayo zamani, tena bila kupungiana mkono. Akajifunga leso kifuani. Akamaliza kufagia.

Kabla ya Kavindu kulikuwa na mwingine.

Alizaliwa katika jiko la mama mkwe, mvua ikinyesha na barabara imekatika. Mvulana. Alilia vizuri, akanyonya vizuri, na siku ya pili akaacha vyote viwili. Kwa wazee wa kule, mtoto alipewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo hakuwa wako bado, alikuwa wa aimu, wale waliotangulia, na wangeweza kumtaka tena. Huyu walimtaka. Na asiye na jina hakupigiwa mayowe, hakuimbiwa, hakuwekewa hata jiwe. Mama mkwe alimtoa mikononi mwa Mbinya, akatoka naye, akarudi mikono mitupu.

"Usiulize," alisema.

Mbinya hakuuliza. Kanisani walimwambia amshukuru Mungu kwa yote, naye akashukuru, maziwa yakimwagika ndani ya nguo yake ya Jumapili. Yalichukua muda kukoma. Mwili haukuwa umeambiwa. Baadaye akaja Kavindu, na baada yake hakuja mtu, kwa hivyo jina la Mwau, babake Mulei, ambalo kwa mila hupewa mvulana wa kwanza, likabaki bila mwenyewe. Mulei alijifunza kuchekesha watu. Mbinya akajifunza kulima kwa namna yake. Kila alipolima shamba la nyumbani, kwa miaka yote hiyo, jembe alilishusha polepole.

Hakujua mtoto amelala wapi.

Asubuhi ya siku ya wageni, Kasiva aliingia na sufuria kubwa kichwani, akamkuta Ndeti amepiga magoti mbele ya lile doa.

"Umepaka ukuta au umezaa?" akamuuliza. "Naona unajikojolea."

"Anti, hata mimi sielewi. Labda ni ule mchanga."

"Mchanga wa wapi?"

"Wa mto siku hizi ni kesi, unaweza kulala ndani. Nikaona pale nyuma, kwa lile jiko la susu, marehemu mama yenu, lililoanguka, kuna udongo laini. Karibu na mafiga. Nikachota huo."

Mbinya alingoja Kasiva acheke. Hakucheka. Aliitua sufuria chini kwa mikono miwili, kama iliyojaa.

"Upande gani wa mafiga?"

"Ule wa ndani. Kwa kona."

Kasiva akaketi sakafuni. Akamwambia Ndeti aende akanywe chai. Ndeti akatoka.

"Kasiva," Mbinya alinong'ona.

"Nilishika taa," Kasiva alisema. "Nilikuwa mtoto, wifi. Mama aliniambia nishike taa tu. Nisiangalie."

"Uliangalia."

"Niliangalia."

Mbinya akaugeukia ukuta. Doa lilikuwa limeng'aa. Lilikuwa likipanda na kushuka, kidogo sana, jinsi tumbo la mtoto hufanya akilala. Au ni macho yake. Aliomba Mungu yawe ni macho yake. Kisha akaomba yasiwe.

Mulei alipoambiwa, alisimama mlangoni na hakupata mzaha hata mmoja. "Tubandue," alisema mwishowe. "Ndeti abandue yote, akamwage korongoni kabla wageni hawajafika."

Mbinya akaweka mgongo wake ukutani. Akahisi lile joto kati ya mabega.

"Mtamtupa mara ngapi?"

Nje, gari likapiga honi langoni.

Wageni waliingia na vicheko na vumbi la Makindu. Mbuzi wakafungwa nje. Nyanya ya yule kijana, mzee mdogo wa umbo aitwaye Mbithe, alipita viti vyote vizuri akaenda moja kwa moja kwenye kochi refu, akaegemea pale pale.

"Hapa pana joto zuri," alisema. Akafumba macho.

Wakaomba. Wakajuana. Kijana akataja watu wake, mmoja mmoja, kisha ikawa zamu ya wenyeji. Mulei akasimama, akavuta koti.

"Mimi ni Mulei wa Mwau. Huyu ni mke wangu. Yule mwenye sauti ni dada yangu, hamjaisikia bado, shukuruni. Mungu alitujalia mtoto mmoja, ndiye huyu mnataka kutunyang'anya."

Wageni wakacheka. Nyuma yao ukuta ukatiririka.

Mbinya aliona. Tone moja likashuka kutoka kwenye doa, pembeni mwa bega la Mbithe. Jingine. Likafuata jingine. Hakuna aliyegeuka. Leso yake ikalowa, kisha gauni, kisha akahisi maziwa yakimshuka tumboni. Akajua kwamba mtoto anasikia. Anasikia akihesabiwa. Anasikia akirukwa.

Akasimama.

"Wawili," alisema.

Kavindu akamtazama.

"Tulijaliwa wawili. Huyu ni wa pili. Wa kwanza ni mvulana. Anaitwa." Sauti ikakwama hapo. Alijaribu tena, ikakwama. Hakuwahi kulitamka, hata shambani peke yake. Akamtazama mume wake, na katika maisha yao yote hakuwa amemwomba kitu kama alivyomwomba kwa macho saa hiyo.

Mulei akaliachia koti.

"Mwau," alisema. "Mtoto wangu anaitwa Mwau."

Doa likatoweka. Lilijivuta kutoka kingo hadi katikati, kama pumzi inavyotoka kwenye kioo, likaisha. Kifua cha Mbinya kikawa chepesi, kikawa kitupu. Ndipo akalia. Alilia kile kilio alichonyimwa, kwa sauti, ameshikilia mgongo wa kiti. Kasiva akamshika kiuno akalia naye. Wageni wakatikisa vichwa kwa upole, wakasema ni haki yake, si rahisi mama kumtoa binti.

Chakula kikaliwa. Bibi Mbithe alikula kwa mkono mmoja. Ule mwingine alikuwa ameukunja kifuani chini ya leso, na goti lake lilikuwa likichezacheza. Watu wakasema ni uzee.

Jioni, wenzake wakipanda gari, yeye alibaki nyuma. Akaitoa leso begani taratibu, akaikunja, akamwekea Mbinya mikononi.

"Utanifulia, mwiitu, binti yangu. Mwau ametapika kidogo."

Mbinya akarudi nyuma hatua moja.

"Usiogope," bibi alisema. "Ni kwa sababu ameshiba."

Gari likateremka kilima. Kati ya wale wageni hakuna aliyekuja na mtoto mchanga, na hapo nyumbani hakuna. Lakini sehemu ya begani ya ile leso ilikuwa na doa jeupe, bichi, lenye harufu ambayo mama haisahau.

Mbinya hajaifua. Iko kwenye kabati la chumba chake, na Mulei, ambaye hutania kila kitu katika nyumba ile, hajawahi kuitania. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Mbinya huifungua, akaweka kiganja pale begani.

Bado pana joto.