Koo la Mdogo Wangu

Jua lilikuwa linazama mwalimu wetu wa muziki aliponituma nirudi kwenye nyumba ya kale tunamofanyia mazoezi.

"Kinanda amesahau mtandio wake ghorofani," aliniambia. "Kimbia ukauchukue. Upepo huu utamharibia koo, na onyesho ni kesho."

Kinanda ni mdogo wangu, tumbo moja. Jina hilo alilipata akiwa na miaka kumi, siku alipoimba shuleni na watu wakageuka kutafuta kinanda kiko wapi. Wimbo ule nilimfundisha mimi. Kuvuta pumzi kwa tumbo nilimfundisha mimi. Kushika sauti mpaka mwisho bila kutetemeka, mimi. Hilo hakuna anayelikumbuka.

Safari hii tulikuwa tunaimba opera ili kuchangisha fedha za kuikarabati nyumba hiyo. Ndiyo kongwe kuliko zote mjini. Paa lilikuwa limebonyea, na kuta ukiziegemea unaondoka na chokaa mgongoni. Mdogo wangu alipewa nafasi ya malkia. Mimi nilipewa ya kijakazi wa malkia. Kazi yangu kubeba taa, kuimba mistari minne, kisha kukaa kimya nyuma yake akishangiliwa.

"Si mbaya, dada," aliniambia siku majina yalipobandikwa. "Angalau tutakuwa wote jukwaani."

Nilicheka. Kicheko cha mdomoni tu. Ndani nilikuwa naungua.

Basi nikaenda. Mtunza nyumba, tuliyemwita Mzee Funguo, alinifungulia mlango.

"Usikawie, binti yangu," alisema. "Juu hakuna taa. Na ukisikia mtu anaimba, usimwitikie."

Nikadhani ananitania.

Ngazi za mbao zililia kila nilipokanyaga. Kwii... kwii... Chini kulinuka chokaa mbichi na vumbi la mafundi. Nilipofika chumba tunachobadilishia nguo, harufu ikageuka. Maua. Maua yaliyokaa kwenye maji siku nyingi mpaka yakaoza.

Na mtu alikuwa anaimba.

Chinichini, midomo imefumbwa. Mmm... mmm... Ulikuwa wimbo wa malkia.

"Kinanda?" nikaita.

Wimbo ukakatika.

Karibu na dirisha aliketi mwanamke, amenipa mgongo. Gauni lake lilikuwa refu mpaka sakafuni, nikamdhania mmoja wa wanakwaya aliyechelewa kuvua nguo za mazoezi.

"Umekuja kuchukua cha mdogo wako," alinong'ona. Hakugeuka.

"Ndiyo... mtandio."

"Taa yake unabeba wewe. Nguo zake unakunja wewe. Chako wewe kiko wapi?"

Yalikuwa maneno yangu yale. Niliyasema kitandani, moyoni, bila kufungua mdomo.

"Unataka nini?" niliuliza.

"Niachie mtandio. Kesho hataimba."

Wengine husema walipumbazwa. Husema shetani aliwapitia. Mimi sikupitiwa na yeyote. Niliutungua mtandio msumarini, ungali unanukia tangawizi aliyokuwa akitafuna mdogo wangu, nikamnyooshea.

Mkono ulioupokea ulikuwa wa baridi kama jiwe la kisimani. Nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa, karibu kiasi cha kumsikia.

Hakuwa anapumua.

Nilishuka ngazi mbilimbili. Mwalimu aliponiuliza, nilimwambia sikuuona.

"Potelea mbali," mdogo wangu alisema, akajifunga leso yangu shingoni. "Dada ataniazima hii."

Kesho yake jioni ukumbi wa chini ulijaa pomoni. Mama alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani, akimwambia kila jirani kwamba malkia ni mwanawe. Mimi hakunitaja. Mpiga piano akaanza. Mdogo wangu akasogea mbele na gauni lake jekundu, akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Mpiga piano akarudia mwanzo. Kimya tena. Mdogo wangu akashika koo, akageuka. Hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi. Macho yale ya utotoni, ya kusema dada, nimekwama.

Nami nilikuwa tayari. Wimbo wote wa malkia naujua, nilikuwa nauimba peke yangu nikifua nguo. Nikaweka taa chini. Nikasogea hatua moja. Nikavuta pumzi...

Sauti ikatoka.

Kwake.

Haikuwa sauti ya mdogo wangu. Ilikuwa pana zaidi, nzito zaidi, kama ya mtu aliyekaa na wimbo huo miaka mingi bila pa kuutoa. Ilipanda mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Watu walilia. Mama alisimama, mkoba ukaanguka, hakuuokota.

Mimi niliyekuwa karibu niliona wasichokiona. Sauti ilitangulia, midomo ikafuata. Kifua chake hakikupanda wala kushuka. Na ile harufu ya maua... ilikuwa inatoka mdomoni mwake.

Yule mwanamke hakunidanganya. Mdogo wangu hakuimba.

Michango ilimiminika usiku uleule. Sasa paa ni jipya na kuta zinang'aa. Lakini mdogo wangu hajatamka neno tangu siku hiyo. Daktari amemchunguza, anasema koo ni zima kabisa. Kila jioni huinuka mwenyewe, huenda kwenye ile nyumba, hupanda ghorofani, na wapita njia husimama barabarani kuisikiliza sauti ile.

Nilimwendea Mzee Funguo.

"Si nilikuambia usimwitikie?" alisema. Kisha akaniambia kidogo. Mke wa mwenye nyumba wa kwanza alikuwa mwimbaji. Mumewe alimkataza kuimba. Siku moja mke yule hakuonekana tena, si mzima, si maiti. "Zaidi ya hapo sijui. Na sitaki kujua."

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta mdogo wangu jikoni anamenya vitunguu, nikamweleza yote tangu mwanzo, machozi yananitiririka. Hakushtuka. Alifuta mikono, akachukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya daktari:

*Najua, dada. Alinijia mimi kwanza, wiki moja kabla yako. Aliitaka sauti yako. Alisema yako ndiyo nzuri. Nilikataa.*

Nikasoma. Nikarudia kusoma.

Ilikuwa nimkumbatie. Ilikuwa nijitupe chini niombe radhi. Lakini Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonipanda moyoni kilikuwa furaha.

Yangu ndiyo nzuri.

Kamati imetangaza onyesho la pili, la kuchangia bustani ya nyumba hiyo. Mwalimu anatafuta malkia mpya, maana mdogo wangu amekataa katakata kupanda jukwaani. Nimepeleka jina langu, nimekubaliwa, na mazoezi ni leo jioni.

Tangu asubuhi mdogo wangu amenishika mkono. Anatikisa kichwa, anatikisa kichwa... kucha zake zimeanza kunichoma.

Itabidi nimbandue kidole kimoja kimoja.