Injini Iliyokuja na Ufunguo Wake

Aliyeniambia kwanza ni Kabagwira, jirani yetu wa Niboye anayeuza nyanya na mkaa mbele ya geti lake. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, jua zuri, nepi za mtoto zimeshakauka kwenye kamba. Alinichagulia nyanya, akaongeza moja, kisha akainama kama mtu anayetafuta kitu chini.

"Mama Gaju, mimi sipendi maneno ya watu, unanijua. Lakini jana nimeona bwana yako amebeba mama mmoja mbele kwenye gari."

"Mama gani?"

"Mrefu. Kitambaa cheupe kichwani. Nikampungia mkono, sha, akaniangalia mpaka nikaushusha mwenyewe."

Nilicheka kidogo, maana sikujua niuweke vipi uso wangu. Nyumbani niliosha zile nyanya mara tatu.

Mume wangu Évode anauza viatu sokoni Kicukiro, na gari letu dogo ni la mwaka 1997. Injini yake ilipokufa, fundi Melchior wa Gikondo alituwekea nyingine, ya gari la aina ileile lakini la mwaka 2004. Haikuwa kazi ya siku moja. Nyaya hazikulingana, ikabidi ahamishe na kompyuta ya ile injini, na mwishoni akatukabidhi pia ufunguo wake.

"Injini ya miaka hii haiwaki na ufunguo wa gari ya zamani," alisema. "Hii inajua ufunguo wake tu."

Basi tukawa na funguo mbili, mmoja wa milango na mmoja wa kuwashia. Ule wa kuwashia ulikuja umefungwa kipande cha kitenge cha bluu kwa fundo dogo, gumu kama punje ya mahindi. Évode hakukifungua. Alisema kinamsaidia kuutambua.

Tangu siku hiyo, kila nilipokaa mbele gari lilizimika. Nikihamia nyuma, linawaka. Melchior alibadilisha hiki, akasafisha kile, hakuona kasoro.

"Labda inakuonea wivu," Évode alisema, tukacheka wote.

Nikazoea kukaa nyuma na Gaju, binti yetu wa miezi kumi na moja. Nilijiambia tu kwamba siku ya ubatizo wake nitakaa mbele, nimevaa gauni langu jipya, na majirani wote waone kwamba nina mume.

Baada ya maneno ya Kabagwira sikucheka tena. Siku iliyofuata, Évode akiwa bado anaoga, nilifungua mlango wa mbele wa gari. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, kama cha mtu mwenye miguu mirefu. Kilinukia mafuta ya nazi. Mimi ni mfupi, na nazi sipaki. Nilipoushika mkanda wa kiti, ulikuwa na joto, joto la mtu aliyetoka kuinuka, na gari lilikuwa limelala uani tangu jana yake.

Nilimuuliza tukiwa mezani.

"Évode, unabeba nani mbele?"

"Viatu."

"Mama mrefu."

"Mama mrefu nani? Ah, ni Kabagwira! Yule amemeza redio."

Aliniapia kwa jina la mama yake. Sikumwamini. Mimi nina aibu, siwezi kugombana, kwa hiyo nilinusa mashati yake kabla ya kuyaloweka. Nilimchukia mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Nilimwaza nikichambua mchele, nilimwaza nikinyonyesha. Nilitamani nijue jina lake.

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, tulipeleka gari Gikondo kubadilisha oili. Gaju alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma. Melchior alifungua boneti, akachomoa waya wa betri, akatia ufunguo mfukoni mwa ovaroli lake. Évode akavuka barabara kwenda kununua oili. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nilimsogelea fundi na kumnong'oneza.

"Évode anakujaga hapa na mwanamke?"

"Mwanamke wa namna gani?"

"Mrefu. Kitambaa cheupe."

Mkono wake ulisimama hewani, na spana ndani yake.

"Nani amemwona?"

"Jirani."

Alifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa chenye mafuta, akitazama upande wa duka kama Évode anarudi. Kisha akasema, sauti chini:

"Ile injini iko ya mama mmoja, Spéciose. Hakuzaa. Bwana yake alikuwa anapenda kubeba wasichana mbele, basi yeye akawa hatoki kwenye kile kiti. Bwana akiingia kazini, yeye anamngojea ndani ya gari, mpaka jioni. Hakuna mwanamke mwingine aliyekikalia. Hata ufunguo aliufunga kitambaa chake, watu wajue ni wake. Alipokufa, bwana alileta gari hapa niikate vipande. Siku ya nne ya msiba."

"Ikiriyo ilikuwa bado haijafungwa?"

"Bado. Watu walikuwa bado wanalala kwake, moto unawaka uani."

Kwetu, siku za ikiriyo ni za kuomboleza tu. Mpaka zifungwe, kitu cha marehemu hakitoki nyumbani. Hata kikombe.

"Na wewe ukapokea?"

"Nilitaka injini, mama," alisema bila kuniangalia. "Injini ya namna ile haipatikani kila siku."

Tik.

Milango yote ya gari ilijifunga.

Injini ikawaka.

Melchior alishika mfuko wake. Ufunguo ulikuwa humo. Waya wa betri ulikuwa palepale alipouacha, umelala kando.

Nilikimbilia dirisha la nyuma. Gaju alikuwa amesimama juu ya kiti, amenyoosha mikono kuelekea mbele, anacheka. Alicheka vile anavyonichekea mimi peke yangu.

Mbele hapakuwa na mtu. Mkanda ulijivuta polepole. Ukapinda, kama unapita juu ya kifua. Ukajifunga.

Melchior alivuta mlango kwa mikono miwili. Haukufunguka. Gari likasogea. Kidogo tu. Kuelekea barabarani, kwenye malori.

Nilizunguka. Nilibandika mdomo kwenye kioo cha mlango wa mbele. Sikupiga kelele. Niliongea naye kama mtu anavyoongea na mke mwenza.

"Mama Spéciose. Kiti ni chako."

Gari likasogea tena.

"Sitakikalia. Naapa. Nipe mtoto wangu."

Kioo kiliingia ukungu kutokana na pumzi yangu. Kisha kikaingia ukungu upande wa ndani.

Tik.

Évode alirudi na kopo la oili akanikuta nimekaa chini, nimemkumbatia Gaju mpaka analia. Melchior alimwambia yote. Alimwambia anaitoa injini leo hii, bure.

"Na Jumatatu nibebe viatu kichwani?" Évode alisema. Akanigeukia. "Wewe na wivu wako. Sasa umemwambukiza hata fundi."

Nilirudi Niboye kwa basi, mtoto mgongoni.

Kesho yake, Jumapili, niliamka mapema kumvika Gaju gauni la ubatizo. Nilipoinua mkono wake wa kushoto nikaona kipande cha kitenge cha bluu kimefungwa kwenye kifundo cha mkono. Fundo dogo, gumu kama punje ya mahindi. Usiku nilikuwa nimemwogesha mwenyewe, na hakikuwepo. Nilikwenda kuutazama ufunguo mezani. Kitambaa chake kilikuwa kimepungua nusu.

Nilijaribu kulifungua lile fundo kwa kucha. Nilijaribu kwa meno. Nikachukua mkasi. Uliposhika tu kile kitambaa, nje injini iliunguruma mara moja, kwa nguvu. Ufunguo ulikuwa mbele yangu. Évode alikuwa kwenye kioo, ananyoa ndevu, na hakugeuka. Gaju alikuwa anatazama mlangoni, anatabasamu.

Niliweka mkasi chini. Nikavuta mkono wa gauni mpaka ukafunika kile kitambaa, nikakifunga kifungo chake.

Nje Kabagwira alikuwa amesimama getini kwake, amevaa za kanisani, anatusubiri tutoke. Évode alinifungulia mlango wa mbele akicheka.

"Leo ukae hapa, mama wa mtoto. Waone."

Niliinama, nikavuta mkanda, nikaufunga juu ya kiti kitupu. Nikafunga mlango taratibu. Kisha nikaingia nyuma na mwanangu, na gari likawaka mara moja.