Mdadisi na Nyonga ya Bi Somoe

Haya ni kweli tupu, na mkinikamata na uongo hata wa neno moja, nawanunulia kahawa baraza zima, na kashata juu.

Katika Tanga ile ya vitanda vinavyoruka, hospitali ilikuwa na mtambo uitwao Mdadisi: duara kubwa kama dafu, likielea juu ya mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kuwahoji wanaotumia mofini, ile dawa kali ya maumivu, ili ajue nani ameshakuwa mraibu. Unaitamani dawa kabla ya saa yake? Unaizidisha? Umewahi kuificha? Majibu aliyasikia, lakini alichokiamini ni sauti na mapigo ya moyo. Kweli, taa ya kijani. Uongo, nyekundu. Nyekundu zikizidi, dawa inakatwa, mgonjwa anapelekwa wodi ya waraibu.

Bi Somoe, jirani yangu, alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga, nami nilikwenda kumjulia hali.

"Hujambo, Bi Somoe?" Mdadisi akaanza.

"Sijambo, mwanangu."

Nyekundu.

"Umelalaje?"

"Salama kabisa."

Nyekundu.

"Maumivu je?"

"Ya kawaida tu, tunamshukuru Mungu."

Nyekundu, mpaka chumba kikawa kama jiko la mkaa. Alipoulizwa kama anazidisha dawa, akasema hajawahi, ikawaka kijani. Lakini Mdadisi alishakata shauri.

"Mgonjwa ni mwongo. Uraibu mkubwa."

Bomba la mofini likajifunga. Bi Somoe akauma pindo la kanga, jasho likimtiririka.

Mhandisi Rehani, aliyemuunda Mdadisi, akaja mbio. "Mama, mbona unamdanganya?"

Hapo nikasimama mimi. Nikamwambia, "Mhandisi, mtu akiamkiwa ajibu nini? Amtapikie mwenzake shida kabla hajakaa? Sisi hata kwenye machela ni sijambo!"

Rehani akakimbilia kumbukumbu za mtambo. Wote waliohamishwa mwezi ule walikuwa wazee wenye adabu zao, na taa nyekundu ziliwawakia kwenye salamu. Walikuwa wodi ile wakiugulia maumivu bila dawa. Akakaa chini, mikono kichwani.

Alipoinuka, alimfundisha Mdadisi asihesabu salamu.

"Haya, Bi Somoe, kuamkiana tumemaliza. Unaumwa?" Mdadisi akauliza.

"Naumwa, baba. Naumwa mno."

Kijani. Bomba likafunguka, na Bi Somoe akashusha pumzi iliyosikika mpaka korido. Jioni ile wazee wote wakarudishiwa vitanda vyao na dawa zao.

Na bila mimi kusimama...

"Wewe?" Bi Somoe huyo, na fimbo yake, nyuma yangu hapa barazani! "Maneno hayo niliyasema mimi! Wewe ulipoiona sindano ulizimia, wakakuzoa sakafuni!"

Baraza likalipuka. "Kahawa! Kahawa!" Muuza kahawa akaanza kugonganisha vikombe.

Bi Somoe akajikalisha, akachagua kashata kubwa kuliko zote. "Hujambo lakini, jirani?"

"Sijambo," nikamjibu, nikipekua mfuko. Afadhali barazani kwetu hakuna taa.