Kitanda Kisichokung'utwa

Haya yametokea nyumba ya tatu kutoka yetu, hapa mjini Ibra, na wenyewe wako hai. Ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake. Bibi Ghanima karudi na ndimu kavu na ubani, kajitupa mkekani anajipepea, na mjukuu wake Abeer yuko mbele yake anapanga begi. Kesho yake Abeer angekwenda kule mchangani, nyuma ya Jalan Bani Bu Hassan, walikojenga nyumba ya bati nene isiyo na dirisha, mfano wa ile nyumba ya angani inayozunguka dunia. Angefungiwa humo mwezi mzima na msichana wa Sur, jina lake Wadha, waishi kama wanavyoishi wanaanga. Mwisho wake mmoja wao angepelekwa nje kusomea safari ya kweli. Mmoja tu. Abeer alikuwa akiililia nafasi hiyo tangu yuko skuli.

"Na huko mtalala wapi?" Bibi akauliza.

Abeer akamwonesha kwenye simu. Si chumba, ni kabati; upana wake mtu na mabega yake. Ukutani umefungwa mfuko wa kulalia, na ndani yake mtu kasimama wima, kalala. Nywele zimepanda juu. Mikono imemtoka mbele, inaelea, kama ya mfu aliyezama.

"A'udhu billahi! Huyu kafanywa nini?"

"Hajafanywa kitu, bibi. Huko juu mtu hana uzito. Asipojifunga ukutani, ataamka yuko jikoni. Na mikono inapanda yenyewe." Akamwonesha na maji: mtu kakamua maji, yasimwagike, yakawa gololi, yakakaa hewani yanazunguka. "Lakini sisi tutakuwa chini, ardhini. Tutaegemea ubao, mikono itaning'inia kama ya watu. Mazoezi tu."

Bibi hakucheka. "Haya. Jambo moja bas. Kabla hujaingia kwenye hilo gunia lako, likung'ute mara tatu, piga bismillahi. Tandiko ukiliacha, hujui nani kalirithi nyuma yako."

"Hairuhusiwi kukung'uta, bibi."

"Hairuhusiwi na nani?"

Na kweli haikuruhusiwa. Huko angani vumbi haliendi chini, linaelea tu, likaingia machoni mwa watu na kwenye mashine. Kwa hiyo na kule mchangani waliwekewa marufuku: hakuna mkate wenye kudondoka chembe, hakuna kukung'uta nguo wala tandiko. Mfuko unapanguswa kwa kitambaa chenye maji, khalas. Palikuwa na mashine inayonusa vumbi. Atakayeiliza, katoka.

Wiki ya kwanza ilimchosha Abeer roho kuliko mwili. Chakula cha kukamua kama dawa ya meno. Choo cha mpira wa kunyonya. Feni inavuma saa zote, husikii adhana wala upepo. Akikosea kufunga kamba moja, sauti ya ustadhi Marhun, msimamizi aliyekaa nje, inatoka kwenye kipaza sauti: "Abeer, rudia." Akirudia: "Abeer, rudia tena." Wadha hakuambiwa arudie hata mara moja. Kila mmoja na kabati lake la kulala, na walilala kwa zamu. Mmoja akilala, mwenziwe yuko kazini. Zamu ya Abeer ya kulala iliangukia adhuhuri.

Siku moja akaingia kwenye mfuko wake, akaukuta una moto. Moto wa kitanda alichotoka mtu sasa hivi.

"Wadha, umelala kwangu?"

"Kwako? Mimi na kwangu kunanishinda!"

Kesho yake, vile vile. Keshokutwa, vile vile, na mfuko umeshika umbo, bega hapa, goti pale. Goti lenyewe halikukaa mahali pake.

Akamwambia ustadhi Marhun. "Ni mashine ya hewa," akajibiwa. "Pangusa mfuko ulale."

"Nimepangusa, ustadhi. Nimepangusa mpaka kitambaa kimechanika."

"Basi pangusa tena."

Wadha alicheka mpaka akashika mbavu. "Au umeolewa humo ndani, mwenzangu, na sisi hatukualikwa?"

Ijumaa waliruhusiwa kupiga simu nyumbani. Abeer alijifungia kabatini apate faragha. Wadha alikuwa mwisho wa nyumba, juu ya mashine ya kukimbilia, miguu yake inasikika du, du, du.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unakung'uta?"

"Bibi, n'shakwambia..."

"Sikiza." Sauti ya Bibi ikashuka. "Huyo anayepumua nyuma yako nani?"

Nyuma ya Abeer palikuwa na mfuko tu.

Toka siku hiyo hakuingia tena humo. Akawa anasinzia ukumbini, kajikunja sakafuni kama paka aliyefukuzwa jikoni. Ustadhi Marhun akamwona kwenye kamera. "Abeer, kitanda chako kiko wapi? Angani hakuna sakafu. Leo ulale mahali pako, au useme umeshindwa, tumalize." Abeer akauma meno mpaka yakamuuma. Miaka yote ile ya kusoma, na leo ashindwe kwa sababu ya usingizi!

Akaenda. Akafungua mlango wa kabati.

Mfuko ulikuwa umejaa.

Mikono ilikuwa imetoka mbele. Miwili. Inaelea. Vidole vinacheza pole pole, kama majani ndani ya maji. Nywele zimepanda juu, zinagusa dari. Uso umeinama.

Hapa ardhini. Pasipo kitu kiwezacho kuelea.

Nyuma yake miguu ya Wadha ilikuwa bado inakwenda. Du, du, du.

"Wadha," akanong'ona. "Wadha, njoo."

Wadha akaja na jasho lake. Mfuko ulikuwa unaning'inia, mtupu. Wadha akautia mkono. "Mfuko kama mfuko. Lala bwana, unatuchosha."

"Abeer," kipaza sauti kikasema. "Ingia."

Akasimama pale. Akiingia, nafasi ingali yake. Akikung'uta, kaipoteza. Machozi yakamtoka, si ya hofu, ya ghadhabu. Akafungua kamba, akaushika mfuko kwa pembe mbili.

"Bismillahi."

Mara ya kwanza, vumbi. Mara ya pili, mfuko ulikuwa mzito, kama umebeba mtoto. Mara ya tatu ukawa mwepesi ghafla, na ubaridi ukampita usoni.

Mashine ikalia. Taa zote zikawa nyekundu.

Na mbele ya macho yao, mlango wa kabati la Wadha ukajifunga. Taratibu. Kama mtu anayekwenda kulala.

"Wadha! Kung'uta na wewe! Kimehamia kwako, wallahi, kung'uta!"

"Nikung'ute ili nitoke?" Wadha akatabasamu. "Nenda zako, dada. Lisalimie jua."

Mlango mkubwa ukafunguliwa, na jua la adhuhuri likampiga Abeer usoni kama kofi.

Wadha alimaliza mwezi wake. Akachaguliwa yeye. Na kabla ya safari akaja Ibra kuaga, alasiri moja, kabeba sahani ya halwa. Abeer alitamani ajifiche, lakini Bibi akamkazia macho: mgeni ni mgeni. Basi akashika dele mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, akamimina kahawa.

"Ulilala vizuri huko?" Bibi akauliza.

"Sijapata kulala vile," Wadha akasema. "Kama sina mwili."

Kikombe cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Kila mtoto wa huku anajua: ukitosheka, unatikisa kikombe. Wadha hakutikisa. Alinyoosha tu mkono, na Abeer akamimina. Cha tano. Cha sita. Abeer moyo unamchemka: kaniondoa, na sasa ananifanya mtumishi wake!

"Tikisa, binti yangu," Bibi akanong'ona.

Wadha akamtazama Bibi. Hakutikisa. Abeer akamimina mpaka kahawa ikaisha, dele likatoa masimbi ya chini. Ndipo mgeni akainuka, akampa Abeer mkono. Mkono mwepesi, kama kushika kanga iliyokauka kambani. Akaenda zake.

"Abeer. Njoo utazame huu mto."

Mto wa mahameli alioukalia Wadha ulikuwa umetuna, manyoya yake laini yamesimama, kama haukukaliwa tangu asubuhi.

"Bibi," Abeer akasema, akaonesha kwa kidole.

Juu ya mto, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, palikuwa na tone la kahawa. Mviringo. Linazunguka pole pole, hewani, peke yake.

Bibi Ghanima hakupiga kelele. Alichukua kikombe, akakiweka juu ya mto, chini ya lile tone. Wakakaa kungojea lidondoke. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, na wao wamekaa.

Kikombe hicho kingali pale. Kikavu.