Kanda ya Bibi Philomène

Jumamosi ile soko la bandarini Halifax lilikuwa limefurika. Rhoda MacIsaac alikuwa akichagua tufaha alipoliona lile koti la kijani, kiwikoni likiwa bado na kiraka cha bluu alichokishona yeye mwenyewe.

"Anselm."

Mwanamume akageuka. Ndevu zilikuwa zimemjaa.

"Ooh, bosi."

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Barua ya kuniachisha kazi ilikuwa na sahihi yako. Sikuona palipoandikwa 'wako akupendaye'."

Miezi minne nyuma walikuwa pamoja kwenye hazina ya sauti, Rhoda mkuu wa kompyuta, Anselm Boudreau mwandishi wa programu, wakinusuru nyimbo za wazee wa kisiwa cha Cape Breton, bibi yake Anselm, Philomène, akiwa mmojawapo. Kanda zenye nyimbo hizo zilikuwa zimechakaa, nao wakizinakili kwenye kompyuta. Ukiicheza kanda mara moja inapukutika, hakuna mara ya pili. Sauti ilitua kwanza kwenye faili ya muda, kisha ikahamishiwa hazinani. Ndipo mapengo yakaanza: mzee anaimba, ghafla kimya, kisha anaendelea kama aliyepitiwa na usingizi. Nyimbo tisa zikaharibika. Na pale kazini desturi ni moja: kitu kikiharibika, hutafutwa jina la aliyeigusa programu mwisho. Lilikuwa la Anselm.

"Nilikwambia si programu," Anselm akasema. "Nikakuandikia kurasa mbili nzima."

"Sikuzisoma." Rhoda akaligeuza tufaha mkononi. "Niliogopa watu waseme nampendelea mpenzi wangu. Nikakuonea ili nionekane mwadilifu."

"Basi umeonekana."

"Mapengo yaliendelea ulipoondoka. Nikasimamisha kazi yote, nikazitafuta kurasa zako. Kila pengo lilikuwa sifuri tupu, urefu uleule, kama ulivyosema. Nikauchukua mfumo wa Linux unaoendesha kompyuta zetu, toleo la zamani lililokuwa zima na jipya lililokuwa bovu, nikajaribu toleo la katikati, kisha la katikati tena, hadi nikalifikia badiliko moja lililoleta kosa. Wiki tatu."

"Wewe? Unayesinzia sinema ikianza tu?"

"Mimi huyuhuyu. Diski ikikaribia kujaa, mfumo wa faili unaijibu programu 'nimeandika', kumbe haujaandika kitu. Programu yako ilikuwa imeamini tu."

"Kama mimi," Anselm akasema. "Na zile nyimbo tisa?"

"Hazirudi."

Anselm akatikisa kichwa, akapotelea katikati ya watu. Rhoda akabaki na tufaha mkononi.

Alhamisi simu yake ikalia; alikuwa Anselm.

"Rhoda. Marekebisho ya Linux yametoka. Mbona yana jina langu?"

"Ndivyo wanavyofanya. Jina la aliyetoa taarifa ya hitilafu huandikwa chini yake, na halifutwi."

"Lakini aliyetuma ni wewe."

"Nilituma kurasa zako. Mimi nipo mstari unaofuata: aliyejaribu."

"Kwa hiyo umetuweka pamoja kwenye kompyuta za dunia nzima, wewe mwanamke, bila hata kuniuliza?"

"Nakuuliza sasa. Wakuu nimewaandikia kwamba kosa lilikuwa langu. Nafasi yako ipo, ukiitaka. Na kanda ya Bibi Philomène ipo. Sijaigusa, mpenzi. Nilikuwa nakungoja."

Akaja asubuhi iliyofuata na koti lilelile. Rhoda akahakikisha Linux iliyorekebishwa ndiyo inayotumika, akakagua nafasi ya diski mara mbili, kisha akamwachia Anselm kitufe. Sauti ya mwanamke mzee ikajaa chumbani, nzito, ya Kifaransa cha kwao, na unga wa kahawia ukaanza kudondoka kutoka kwenye kanda.

Ilipokwisha, wakaifungua nakala iliyohifadhiwa, wakaisikiliza tangu mwanzo. Ilipofika dakika ya nne, pale mapengo yalipozoea kutokea, wote wawili wakaisogelea spika.

Bibi akaendelea kuimba.

Anselm akanyoosha mkono bila kutazama, akaupata wa Rhoda, na hakuuachia hadi wimbo ulipokwisha.