Abiria wa Mume Wangu

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kwa fundi kuchukua baiskeli ya mzee wangu. Fundi huyo watu wanamwita Spoku, kwa vile alivyokonda. Alikuwa anafunga banda. Aliponiona akaacha kufunga.

"Bibi," akasema, "mzee anabeba nini huko nyuma?"

"Anabeba matako yake. Kwani vipi?"

Hakucheka. Akaligeuza tairi la nyuma, limelika mpaka nyuzi zinaonekana. La mbele lilikuwa na meno yote, kunishinda hata mimi.

"Hili nimelibadilisha juzijuzi tu. Tairi haliishi hivi mpaka ubebe mtu. Mtu mzima. Kila siku."

Nikaikokota baiskeli nyumbani huku roho inanichemka, maana mimi nami nilikuwa na yangu niliyoyaona. Tangu mzee astaafu kazi ya kupeleka barua alishikwa na wazimu wa vilima. Mji wetu una vilima vidogo vidogo, si vya kumtambia mgeni. Kimoja kina matangi ya maji, kimoja kina minara ya simu, kingine kiko nje kidogo, nyuma ya machimbo ya kokoto. Yeye huondoka asubuhi, akavipanda vyote kwa baiskeli, akarudi jioni. Ukimuuliza anasema ananyoosha miguu. Sawa. Lakini mashati yake nafua mimi. Na kila shati lilikuwa na doa la mafuta katikati ya mabega, pale linapofika shavu la mtu aliyekaa nyuma. Nikinusa... mafuta ya nywele. Yale ya kopo, ya enzi za usichana wetu, ambayo madukani hayapo tena.

Mwanamke. Tena wa rika langu. Angekuwa kisichana ningecheka, kingemchoka baada ya wiki. Lakini wa rika langu? Huyo ana nini ambacho mimi sina?

Asubuhi nikamwendea Spoku kuazima baiskeli. Akaniangalia magoti. Nikamwambia magoti haya yalisambaza maziwa mji mzima kabla mama yake hajaota matiti. Akanipa.

Nilimfuata mzee kwa mbali, mtandio nimejifunika uso. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Barabara nzima, keria tupu. Nikaanza kujiona mjinga.

Tulipofika chini ya kilima cha matangi akasimama, akaweka mguu chini, akageuza shingo.

"Shuka," akasema. Kwa sauti ya chini, ya kubembeleza.

Kama hujawahi kubebwa kwenye baiskeli nikueleze. Penye mlima, mwenye baiskeli humwambia abiria ashuke atembee, wakutane juu. Wakifika juu anamwambia panda, safari inaendelea. Kila mtu hufanya hivyo. Ila hufanya hivyo akiwa na abiria.

Akakipanda kilima peke yake. Juu akasimama, akageuka, akaitazama njia kama anayemngoja mtu mwenye hatua ndogo. Mimi nilikuwa nimepita kichochoro cha upande wa pili, nimejibanza nyuma ya tangi. Kimya. Maji yanadondoka. To... to... to...

Halafu changarawe ikalia njiani.

Kwacha. Kwacha. Kwacha.

Hakuna mtu.

Mzee akatabasamu. Tabasamu lile mimi sijawahi kupewa, na watoto wake wote nimewazaa mimi. "Panda," akasema.

Tairi la nyuma likabonyea.

Mwenye akili zake angekimbia. Mimi wivu ulikuwa umenijaa kifuani hata woga ukakosa pa kukaa. Nikamfuata mpaka kwenye minara. Huko ikawa vilevile: shuka, kungoja, kwacha kwacha, panda. Tena alipokuwa anateremka akacheka, kama mtu aliyeambiwa jambo sikioni. Mzee wangu huyo, ambaye nyumbani ukimchekesha anakuuliza umeisikia wapi hiyo.

Jioni tukawa kwenye kilima cha machimbo. Vumbi la kokoto, na jua limebaki kipande. Akasema panda, tairi likabonyea, nami nikatoka nilikojificha.

"Wewe mwanamke," nikasema. "Shuka kwenye baiskeli ya mume wangu."

Damu ikamkauka mzee usoni. "Nyamaza, mama watoto," akanong'ona. "Usimwambie hivyo. Nakuomba."

"Nimesema shuka."

Tairi likainuka. Taratibu... kama mtu anayesitasita. Harufu ya mafuta ya nywele ikapita mbele ya pua yangu, ikatulia.

Mzee akaipapasa keria. "Panda," akaita. "Panda, mpenzi." Mpenzi. Nimelisikia kwa masikio yangu, sikuhadithiwa. Lakini tairi halikubonyea. Akaketi palepale kwenye kokoto, akajishika kichwa.

Nikaona nimeshinda. Nikaikalia baiskeli yangu, nikashika usukani, na bila hata kumtazama nikamwambia kama mke yeyote anavyomwambia mumewe:

"Haya, panda twende nyumbani."

Mzee hakuinuka.

Nyuma yangu keria ikalia. Kwiii...

Baiskeli ikawa nzito. Na shavu la baridi likalala mgongoni mwangu.

Kesho yake wifi yangu, dada yake mzee, nilimbana jikoni kwake mpaka akasema. Kabla yangu kulikuwa na mchumba. Mzee alikuwa anampeleka kwa wazazi kumtambulisha, kampakia nyuma. Chini ya kilima akamwambia shuka, akatangulia, akangoja juu. Akangoja, jua likazama. Watu walitafuta, hata kiatu hawakukiona.

"Kilima gani?"

"Alikuwa amechanganyikiwa, wifi. Kila akiulizwa anataja kingine."

"Kwa hiyo alikufa."

Akaendelea kusugua sufuria. "Mimi nimekwambia alishuka. Kufa sijasema."

Baiskeli sikuirudisha. Spoku alilitazama tairi la nyuma, akasema nikae nayo tu. Mzee haendi tena kokote. Nilichokuwa nakitaka nimekipata: yuko nyumbani asubuhi, mchana na jioni. Ila hanitazami mimi. Nikitoka anauliza nakwenda wapi, nitapita wapi, kama nitachelewa. Kuiacha baiskeli siwezi, maana nikigeuka tu anaikalia karibu na kuinong'oneza. Basi sokoni nayo, msibani nayo.

"Mke wangu," ananibembeleza. "Mwambie ashuke. Neno moja tu."

"Mwambie wewe."

"Hanisikii. Anamsikia anayembeba."

Nami hilo ndilo nililotaka kulijua. Nikisema shuka, atashuka, na akishuka atarudi kwa nani? Nimezeeka na mwanaume huyu. Leo nimgawe kwa mdomo wangu mwenyewe? Kwa hiyo penye mlima simshushi. Nakanyaga naye mpaka juu, magoti yanalia kuushinda mnyororo.

Jana nilitaka kuishiwa. Katikati ya mlima pumzi zilikatika, macho yakaingia kiza, mdomo ukafunguka wenyewe... Nikauma ulimi mpaka nikaonja damu.

Ndipo akasema. Hakuwahi kusema nami kabla ya hapo. Sauti ya msichana, karibu kabisa na sikio, haina hata haraka. Mimi nimezeeka, yeye hakuzeeka.

"Umechoka, mke mwenzangu?"

"Sijachoka," nikamjibu, nikakanyaga.