Mshale Uliokosa Bata

Mbuzi wa nyumbani kwa akina Mutie walijua siku za juma kuliko watoto wengine wa shule. Siku za kazi waliachiliwa na mama, naye alikuwa mkali, kwa hiyo walitoka bomani taratibu kama watu wanaokwenda barazani kwa chifu. Jumamosi walitoka mbio. Mchungaji wa Jumamosi alikuwa Mutie, mwanafunzi wa darasa la tano, na yeye hakuwakataza chochote ila mahindi ya watu.

Waliteremka hadi mto Tiva. Kiangazi kikiwa kikali, mto huo huwa mchanga mtupu, na akina mama huchimba visima ndani yake kwa vibuyu. Lakini mwaka ule, muda mfupi baada ya Uhuru, mvua ya Novemba ilinyesha vizuri. Maji yalipopungua yaliacha vidimbwi vipana kando ya matete, na bata mwitu wakashuka humo kwa makundi. Kwa wavulana wa kijiji ilikuwa sikukuu.

Aliyewafundisha kuwinda bata alikuwa Mjomba Ndululu, kaka yake mama, ambaye boma lake lilipakana na lao. Baba yake Mutie alifanya kazi ya reli huko Mtito Andei na alikuja nyumbani mara chache, kwa hiyo Mjomba ndiye aliyekuwa wa kushauri na wa kuchapa.

"Bata haogopi mbuzi," Mjomba aliwaambia Mutie na binamu yake Musembi. "Anaogopa kitu cha miguu miwili. Kwa hiyo wewe jifanye una minne."

Basi waliinama katikati ya mbuzi na kwenda nao polepole hadi majini, upepo ukiwapiga usoni ili bata wasisikie harufu yao. Mbuzi wakisimama kula, nao walisimama. Hakuna kukimbia, hakuna kuinua mkono ghafla, hakuna kumkazia bata macho. Wakati huo mmoja wao alizunguka mbali na kuwashtua bata kutoka upande wa juu, nao wakaruka wakifuata mto na kupita mbele ya wenye upinde.

Sheria za Mjomba zilikuwa nyingi. Mishale ilikuwa ya mti mtupu, yenye kichwa butu. Wote walikaa ukingo mmoja ili mtu asimpige mwenzake. Bata mwenye vifaranga hakuguswa, na sufuria ikishatosha, watu walirudi nyumbani. Sheria iliyowachosha zaidi ilikuwa ya mwisho. Mshale ukipotea, aliyeupiga alipaswa kupaza sauti, "Umepotea!" Baada ya hapo hakuna aliyeondoka mpaka upatikane. Siku moja walitafuta kijiti cha Musembi hadi jua likawachoma utosi.

"Mjomba ni bahili," Musembi alinong'ona. "Miti imejaa hapa, na yeye analilia kijiti!"

Mutie alicheka sana. Yeye pia aliona hivyo.

Lakini Mutie alikuwa na aibu yake. Tangu mvua ziishe hakuwa amepiga bata hata mmoja. Musembi alikuwa amekwisha kupeleka kadhaa nyumbani, na hakumwacha mwenzake apumue.

"Siku Mutie atapiga bata," alitangaza mbele ya wenzao, "mimi nitakula manyoya, na miguu juu yake!"

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mutie hakulaumu mikono yake, alilaumu mishale. Ijumaa jioni mama alimtuma kwa Mjomba kurudisha panga. Mjomba hakuwepo. Juu, chini ya nyasi za paa, lilining'inia podo la zamani la Mjomba, la siku alizokuwa mwindaji wa wanyama wakubwa. Mishale iliyokuwamo ilikuwa na vichwa vya chuma, na kila kichwa kilizungushiwa utepe wa ngozi. Mjomba aliwahi kusema maneno machache tu kuhusu podo hilo: "Hivyo si vya watoto."

Mutie alipanda juu ya kigoda, akachomoa mmoja.

Asubuhi iliyofuata, akiwa peke yake mtoni na mbuzi, aliufungua ule utepe. Chuma kilikuwa kimepakwa kitu cheusi kama lami. Alijua kwamba wazee walipaka mishale sumu, lakini alijiambia kuwa zamani ni zamani. Ni sumu gani ingekaa miaka yote hiyo? Hakujiuliza ule utepe wa ngozi ulikuwa wa kazi gani.

Alijificha katikati ya mbuzi, akafika karibu na maji kuliko siku nyingine zote. Bata walikuwa wakijisafisha mabawa. Akavuta upinde. Mshale ukaruka juu ya bata wote, ukapita kidimbwi, ukatumbukia kwenye matete ya ng'ambo. Bata walipaa kwa kelele, na mtu angeweza kuapa kwamba walikuwa wakimcheka.

Mutie alivuka na kutafuta. Matete yalimkata mikono. Aliinama huku, akapekua kule, mshale haukuonekana. Angepaza sauti, wachungaji wa jirani wangekuja kumsaidia, lakini wangeuliza ni mshale gani. Akafunga mdomo, akakusanya mbuzi wake na kurudi nyumbani.

Siku ya Jumapili walirudi kutoka kanisani, wakala, na zamu ya kupeleka mbuzi majini ikawa ya Mutie. Hakutaka kuona yale matete tena.

"Mwaitu," alimwita mama yake, "mguu wangu unauma."

"Mguu gani tena? Asubuhi ulikuwa unaruka kanisani!" Mama alimtazama, kisha akageuka. "Haya, Kasyoka, wapeleke wewe. Nenda na Bosi."

Kasyoka alikuwa dada yake mdogo, wa darasa la kwanza. Alifurahi kama aliyepewa peremende. Siku hizo alikuwa amejua kuandika jina lake, na aliliandika popote: kwenye majivu, kwenye ukuta wa jikoni, hata mgongoni mwa mbuzi kwa kidole. Alishika njia akiimba herufi, mbwa wa Mjomba aitwaye Bosi akimfuata.

Jua lilipoanza kuinama, Bosi alirudi peke yake.

Alikuja akipepesuka. Mjomba alikuwa ameketi uani akizungumza na mama, akampigia mluzi. Bosi alijaribu kutikisa mkia, miguu ikakunjika, akaanguka kando ya ghala. Alitetemeka kidogo, akatulia. Haikuchukua muda hata wa kuchota maji mtungini. Mbwa aliyekuwa mzima mchana alikuwa amekufa mbele ya macho yao.

"Aiya!" mama alisema, mkono mdomoni. "Nyoka?"

Mjomba aliinua mguu wa mbele wa Bosi, akatenganisha vidole. Palikuwa na mkwaruzo mdogo, na pembeni mwake alama nyeusi. Mutie aliona uso wa Mjomba ukibadilika. Hakuwahi kumwona mtu huyo akiogopa, na sasa midomo yake ilikuwa imekauka. Mjomba aliinuka, akakimbia nyumbani kwake, akarudi na podo mkononi.

"Mmoja haupo," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nani amechukua mshale wangu?"

Mutie alimtazama Bosi, yule Bosi aliyemlamba magoti asubuhi, na akili yake ikakataa kuamini. Mkwaruzo mdogo namna ile!

Ndipo mama akauliza jambo ambalo kila mmoja alikuwa amelisahau.

"Kasyoka yuko wapi?"

"Ni mimi!" Mutie alilia kwa sauti. "Mjomba, ni mimi! Niliupiga jana, ukapotea! Uko kule Kasyoka anakonyweshea mbuzi!"

Mama hakupiga mayowe. Alikaa chini papo hapo kwenye vumbi, kana kwamba amekatwa miguu, kisha akainuka na kuanza kukimbia.

"Ulisimama wapi?" Mjomba alimuuliza Mutie wakikimbia kuteremka. "Sema ukweli wote. Ulipiga kuelekea wapi?"

"Kwenye mwamba mweupe. Nikapiga kuelekea matete ya ng'ambo."

"Ulifungua utepe?"

"Ndiyo, Mjomba."

Mjomba alifumba macho kidogo, akaongeza mbio.

Walipofika juu ya ukingo, aliwazuia wote wawili kwa mikono. Chini yao mbuzi walikuwa wakinywa maji. Kasyoka alikuwa amechuchumaa kwenye mchanga laini karibu na matete. Mkononi alishika kijiti kirefu, akiandika. Kijiti hicho kilikuwa mshale, na ncha yake ilikuwa karibu kabisa na vidole vya miguu yake.

Mama alifungua mdomo. Mjomba akauziba kwa kiganja.

"Usimwite!" alinong'ona. "Anajua amekatazwa vitu vya kuwinda. Akituona tunakimbia, atadhani anakwenda kuchapwa. Atakimbia nao mkononi. Akijikwaa, basi." Akamgeukia Mutie. "Wewe hakuogopi. Mwendee kama bata."

Mutie alimtazama bila kuelewa. Halafu akaelewa.

Alizungukia upande ambako upepo ulitoka mbele, kwa mazoea tu, akateremka na kujitia katikati ya mbuzi. Kila sehemu ya mwili wake ilitaka kukimbia, lakini alitembea. Mbuzi mmoja aliposimama kula, alisimama naye. Hakumkazia dada yake macho. Alipofika karibu, alichuchumaa kwenye mchanga kama mtu asiye na haraka.

"Unaandika nini?"

Kasyoka alishtuka, mshale ukayumba. Mutie hakusogea. Akatabasamu.

"Jina langu," Kasyoka alisema. "Ona. Imebaki *k* na *a*. Utanisema kwa Mjomba? Nimeokota tu kwa matete. Bosi ndiye ameonyesha."

"Sitakusema. Lakini herufi zako ni nyembamba. Mwalimu hawezi kuziona." Mutie alivunja tete nene, akamnyooshea taratibu. "Andika na hili. Huo uweke chini hapo. Chini tu, usiutupe."

Kasyoka alifikiri. Mutie alifikiri kwamba hajawahi kungoja kitu kwa muda mrefu hivyo. Kisha msichana akaulaza mshale juu ya mchanga, akapokea tete, na kuandika *k* kubwa sana.

Mutie alimnyanyua dada yake kiunoni, akarudi nyuma naye hatua kwa hatua. Alipofika kwenye mwamba mweupe alianza kulia kwa kwikwi, na Kasyoka akamuuliza kama ni mguu unaouma.

Mjomba alikagua viganja vya Kasyoka, kidole kwa kidole, kisha nyayo, kisha magoti. Kwenye goti la kulia palikuwa na damu iliyokauka.

"Nilianguka jana shuleni... hapana, juzi," Kasyoka alisema. "Mwaitu aliniosha."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Alimkumbatia mtoto hadi mtoto akalalamika kwamba anaumizwa.

Jioni hiyo Mjomba aliuchoma ule mshale na yote iliyobaki kwenye podo, juu ya mwamba, mbali na watu na mifugo. Walikuwa wamemzika Bosi. Mutie alisimama akingoja fimbo. Fimbo haikuja.

"Mimi pia nina makosa," Mjomba alisema. "Niliacha kifo kining'inie mahali mtoto anafika akipanda kigoda. Ningewaambia wazi kwa nini. Ule utepe wa ngozi ndio unaotunza sumu isikauke, hata miaka. Lakini wewe, Mutie, umewahi kujiuliza kwa nini mtu lazima apaze sauti mshale ukipotea?"

Mutie alitazama chini. "Tulidhani unahurumia vijiti."

"Nahurumia watu. Mshale uliokosa bata haujamaliza kazi, unaendelea kuwinda. Hauchagui mbwa, hauchagui dada yako. Kitu pekee kinachoweza kuusimamisha ni mdomo wa yule aliyeupiga. Jana neno moja lingetosha. Kuficha kosa ni kumwachia mwingine alikanyage."

Jumamosi iliyofuata walikwenda tena mtoni na mishale yao ya mti. Mutie alinyemelea, akavuta, akakosa kama kawaida yake. Kijiti kilitumbukia kwenye matete.

"Umepoteaaa!" alipaza sauti, na bata wote wa Tiva wakapaa.

Musembi alitazama kitoweo chake kikipotelea angani. Hakusema neno la mzaha. Aliweka upinde wake chini, akaingia kwenye matete, na wakaanza kutafuta.